Thomas Chalmers: mchungaji aliyetaka kanisa limtunze maskini, si serikali

Swali hili halikosi kurudi katika vikao vyetu vya kanisa: nani anapaswa kumtunza maskini? Ni yeye mwenyewe kwa kazi ya mikono yake, ni jamaa yake, ni kanisa, au ni serikali? Mtumishi mmoja wa Mungu huko Scotland alipambana na swali hili kwa zaidi ya miaka 30. Hata leo, hasa Marekani, baadhi ya wanaopinga misaada ya serikali humtaja kama mfano wao. Lakini maisha yake yana mafundisho mapana kuliko wanavyoyasimulia.

Thomas Chalmers alizaliwa tarehe 17 Machi 1780 katika mji mdogo wa Anstruther, kando ya bahari, katika familia ya watoto 14. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi, akaingia Chuo Kikuu cha St Andrews akiwa na miaka 11 tu. Mwaka 1803 alipewa uchungaji wa Kilmany, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hesabu na sayansi. Aliandika hata kwamba mchungaji akitimiza wajibu wake anabakiwa na siku tano za juma kwa masomo mengine. Kisha msiba ukaingia: ndugu yake na dada yake walikufa, na kati ya 1809 na 1810 yeye mwenyewe alilala kitandani muda mrefu kwa ugonjwa. Aliinuka akiwa mtu mwingine. Tangu hapo alihubiri Injili kwa moto.

Mwaka 1815 aliitwa Glasgow. Mji ulikuwa umejaa viwanda, moshi, na watu waliotoka vijijini kutafuta kazi. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akaona kwamba maskini walikuwa maelfu na kanisa halikuwajua. Huko Uingereza sheria ilitoza kodi kwa ajili ya maskini, na Scotland nayo miji kadhaa ilikuwa imeanza njia hiyo. Chalmers aliipinga kwa nguvu. Aliamini kwamba msaada wa kodi unamfundisha mtu kuacha kuweka akiba, unamwondolea mwana wajibu wa kumtunza mama yake, na unamfanya tajiri atoe kwa kulazimishwa bila kumpenda anayepokea.

Hakuishia kusema. Mwaka 1819 alikubali parokia mpya ya St John's, yenye watu kama 10,000, wengi wao wafumaji wa nguo na vibarua. Alikubaliana na wakuu wa mji kwamba angewatunza maskini wake kwa sadaka za mlangoni mwa kanisa tu. Aligawa parokia katika mitaa 25, na kila mtaa ukapata mzee wa kanisa na shemasi wake. Mtu akija kuomba, shemasi alikwenda nyumbani kwake. Aliuliza kwanza: je, anaweza kupata kazi? Je, ana ndugu wanaoweza kumsaidia? Majirani je? Sadaka ya kanisa ilikuja mwisho. Pamoja na hayo alijenga shule kwa ajili ya watoto, maana alijua kwamba kumwambia mtu ajitegemee bila kumfundisha ni maneno matupu.

Matokeo yalishangaza wengi. Gharama ya kuwatunza maskini wa eneo hilo ilishuka kutoka pauni 1,400 kwa mwaka hadi pauni 280. Chalmers aliona pia jambo ambalo sisi tunalijua: maskini ndio wanaosaidiana zaidi, mara nyingi bila mtu kuandika popote.

Lakini je, hesabu iliyoshuka ilimaanisha kwamba njaa imeshuka? Mashemasi wengi walikuwa watu wenye mali kutoka nje ya parokia, na watafiti wa baadaye wamesema kwamba wengine walitoa fedha za mfukoni mwao. Chalmers aliondoka 1823 kwenda kufundisha chuoni, na mwaka 1837 mpango wenyewe uliachwa.

Mwaka 1840 akapata mpinzani wa kweli. William Pulteney Alison alikuwa daktari huko Edinburgh, aliyewatibu maskini wakati wa magonjwa ya homa. Alisema kwamba ufukara wenyewe ndio unaoeneza homa, na kwamba mtu mwenye njaa hawezi kujifunza kujitegemea. Hakudharau upendo wa jirani. Alisema tu kwamba kazi ikikosekana mji mzima, jirani naye hana kitu. Wawili hao walijadiliana hadharani Glasgow mwaka huo huo. Mwaka 1845 sheria mpya ya maskini ikapitishwa Scotland, karibu zaidi na mawazo ya daktari kuliko ya mchungaji.

Wakati huo Chalmers alikuwa na mzigo mwingine. Mwezi wa Mei 1843 wachungaji zaidi ya 400 waliacha nyumba na mishahara yao, wakaanzisha Kanisa Huru la Scotland, na yeye akawa kiongozi wa kwanza wa mkutano wake mkuu. Alipanga mfuko ambao makanisa yenye nguvu yalichangia ili mchungaji wa kijiji maskini naye apate mshahara. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 64, alirudi kwa maskini tena, katika mtaa wa West Port mjini Edinburgh.

Kisha ugonjwa wa viazi ukaleta njaa kuu Ireland na katika milima ya Scotland. Hapo mzee huyu aliandika kwamba serikali ifungue hazina yake kwa ukarimu, maana msiba huo haukutokana na uvivu wa mtu. Alifariki usingizini mwishoni mwa Mei 1847.

Ndugu na dada, katika Wagalatia 6 Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu atauchukua wake mwenyewe. Chalmers alitumia maisha yake kati ya maneno hayo mawili. Katika 1 Timotheo 5 jamaa wanatangulia kumtunza mjane, kisha kanisa. Na katika Mwanzo 41, wakati wa njaa, Yusufu anafungua ghala za Farao.

Kwetu, familia nyingi zilipokea wakimbizi wa vita kabla ya shirika lolote kufika. Chalmers angefurahi kuziona. Lakini mtu aliyefukuzwa shambani mwake kwa bunduki hakukosa bidii, na asihubiriwe kana kwamba alikosa. Tumtume shemasi nyumbani kwake, amjue kwa jina, amsaidie kupata kazi panapo kazi. Na wenye mamlaka tuwadai, bila woga, ile sehemu ambayo kapu la sadaka haliwezi kuijaza.