Mbegha, Mgeni Aliyetawala kwa Kazi Yake

Mtumishi wa serikali anayehamishiwa Mgwashi, katika milima ya Usambara, hufika na barua yenye muhuri inayoeleza cheo chake. Barua hiyo humwezesha kukabidhiwa ofisi, lakini haiwezi kumfanya asikilizwe na wakulima. Jambo hili halikuanza leo. Katika milima hiyohiyo, yapata karne ya 18, alifika mgeni asiye na barua, asiye na ukoo wala shamba, naye akafa akiwa mfalme. Jina lake ni Mbegha.

Habari zake zilihifadhiwa vinywani mwa wazee mpaka Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy alipoziandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa upya mwaka 1962. Mwanahistoria Steven Feierman naye alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1974. Yamo ndani yake mambo ya ngano, nasi hatudai kwamba kila tukio lilikuwa kama lisimuliwavyo. Hata hivyo, namna watu wanavyosimulia asili ya mamlaka huonyesha wanalolitarajia kwa mwenye mamlaka.

Mbegha alitoka Nguu. Yasemekana meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi kwa jamaa zake. Alipokuwa mtu mzima alinyimwa urithi. Akahamia Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa huko. Walipokuwa mawindoni kijana yule akauawa na nguruwe mwitu. Mbegha akakimbia na mbwa wake na wenzake wachache. Mtu aliyekosa makao mara mbili angeweza kugeuka mnyang'anyi, na pori la siku zile lisingemzuia. Yeye alishika kazi aliyoijua.

Kazi hiyo ilikuwa kuwinda nguruwe mwitu. Kwa msomaji Mwislamu, wa visiwani au wa Lushoto, nyama hiyo ni haramu, na hilo halina mjadala. Lakini mambo haya yalikuwa kabla Uislamu haujaenea milimani. Tena aliyewahi kulima kando ya msitu anamjua adui huyu: usiku mmoja humtosha kuharibu jasho la msimu mzima. Kila nguruwe aliyeuawa na Mbegha alikuwa shamba la mtu lililosalimika.

Watu wa Zirai waliuona moshi wa kambi yake, wakaenda kutazama. Aliwapa nyama; nao wakamletea vyakula vya shamba. Hakudai ardhi, wala hakuwatisha kwa mkuki wake. Sifa zake zikafika Bumbuli, ambako Mgwashi yetu imo katika eneo lake. Huko akakaribishwa, akaozwa mke, na watu wakaanza kumletea mashauri yao. Hakuwa wa ukoo wowote kati ya zilizogombana, hivyo hakuwa na wa kumpendelea. Upweke uliokuwa msiba wake kwao ukawa sifa yake barazani.

Ndipo wazee wa Vugha walipomwita awe mkuu wao. Hata katika safari hiyo ya kwenda kutukuzwa hakuiacha kazi yake: simba alitokea njiani, Mbegha akamwua, na ngozi yake akaitandika akailalia. Kutokana na tukio hilo wafalme wa Usambaa waliitwa Simba Mwene. Sisi tunaona kwamba hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Mtu huyu aliridhika na uwindaji kabla ya kupata cheo, na cheo kilipokuja kilimkuta kazini.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Makatazo hayo ni mema, lakini mtu anaweza kuyatimiza yote akiwa amekaa tu kitini, asimfae mtu yeyote.

Mbegha alipofariki, wazee waliificha habari mpaka mwanawe Buge, aliyezaliwa na mke wa Bumbuli, alipoletwa Vugha usiku. Kitukuu chake, Kimweri ye Nyumbai, aliueneza utawala hadi pwani ya Tanga na Pangani, naye alikufa mwaka 1862.

Baada ya hapo Wakilindi walipigana wao kwa wao. Semboja, mwana wa Kimweri, alijiimarisha Mazinde, penye njia ya misafara, akanunua bunduki. Vita vikaleta mateka, na mateka wakauzwa. Wengi waliteremshwa Pangani na kuvushwa bahari kwenda mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wasomaji wetu wa visiwani wanaweza kuwa na wahenga miongoni mwa watu hao. Wabondei waliinuka katika uasi ulioitwa Kiva, wakawafukuza watawala wa Kilindi kutoka nchini mwao. Watawala hao walikuwa wa damu ya Mbegha, tena walikuwa na baruti ambayo babu yao, mwenye mkuki na mbwa, hakuwa nayo.