Tippu Tip: mfanyabiashara aliyeandika maisha yake mwenyewe

Hamed bin Muhammed, mwenye kujulikana kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar karibu mwaka wa 1837. Tangu ujana alifuata baba yake katika biashara. Mali ya safari alikopeshwa na Taria Topan, Muhindi tajiri wa Zanzibar, na deni lililipwa kwa pembe za tembo. Pamoja na pembe hizo, wababu wetu wengi walikamatwa na kuuzishwa.

Mwaka wa 1867 alimushinda mfalme Nsama, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Moero. Kisha akaingia Maniema, akafanya Kasongo kuwa makao yake. Mwaka wa 1887 Leopold II alimuweka kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo.

Katika uzee alirudia Zanzibar, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mujerumani Heinrich Brode aliyaweka katika herufi za Kilatini, yakachapwa Berlin mwaka wa 1902 na 1903. Alikufa mwezi wa sita 1905.

Kitabu chake kinaeleza safari, vita na bei ya pembe. Wengi wa wale waliouzishwa hawakuandika chao. Sisi wa Kasongo mpaka Mulungwishi tunasoma Kiswahili hicho bila mutafsiri. Basi tukisome, lakini tukiuliza kila mara: na wale waliofungwa kamba, wangeeleza nini?