Anne Sullivan: Mwalimu wa Kiganjani

Mwenye macho haambiwi tazama, husema methali. Hata hivyo, aliwahi kuwako mtoto ambaye hakuwa na macho ya kutazamia wala masikio ya kuambiwa, na akawako mwanamke mwenye macho mabovu aliyejitwika jukumu la kumfungulia mtoto huyo ulimwengu wa maneno. Mtoto huyo, Helen Keller, anafahamika kote duniani. Mwanamke huyo, Anne Sullivan, aghalabu hutajwa kwa ufupi tu katika kivuli cha mwanafunzi wake. Maisha yake yanastahili kuangaliwa kwa kina, hasa na wale wanaojiandaa kuwafunza watoto kusoma, kwa sababu yanaibua swali zito: anayemsaidia mtoto kusoma anapaswa kumshika mkono hadi wapi, na amwachilie lini?

Sullivan alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866 huko Feeding Hills, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ayalandi, nchi iliyokuwa imesambaratishwa na njaa kuu. Alipokuwa na umri wa takriban miaka mitano aliugua trakoma, maradhi yaliyomwacha akiona kwa shida. Mama yake alifariki kutokana na kifua kikuu wakati Anne alipokuwa na miaka minane, na baada ya muda baba akawatelekeza watoto. Mnamo Februari 1876, Anne na mdogo wake, Jimmie, walipelekwa katika makao ya maskini ya Tewksbury. Miezi michache baadaye Jimmie akafa. Msichana huyo alibaki peke yake miongoni mwa wagonjwa na wazee wasiokuwa na mtu.

Mnamo 1880 wakaguzi wa serikali, akiwemo Frank Sanborn, walizuru makao hayo. Anne aliwafuata kutoka wodi moja hadi nyingine, na walipokaribia kuondoka alijitokeza mbele yao akawasihi apelekwe shuleni. Ombi hilo lilisikizwa. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo alijiunga na Shule ya Vipofu ya Perkins, mjini Boston. Alikuwa na umri wa miaka 14, na hakujua kusoma wala kuandika. Wenzake walimcheka kwa makosa yake ya tahajia. Dhihaka hizo zilimuuma, lakini pia zilimchochea. Upasuaji aliofanyiwa katika miaka hiyo ulimrudishia uwezo wa kuona wa kutosha kusoma maandishi ya kawaida kwa muda mfupi mfupi. Alipohitimu mwaka wa 1886, ndiye aliyeteuliwa kutoa hotuba kwa niaba ya darasa lake. Katika muda wa miaka sita alikuwa amepiga hatua kutoka ujinga wa herufi hadi kilele cha shule.

Perkins ilimpa amana nyingine. Humo aliishi Laura Bridgman, mwanamke asiyeona wala kusikia, ambaye Dkt. Samuel Gridley Howe alianza kumfundisha lugha mwaka wa 1837. Ili kuzungumza na Laura, Anne alijifunza alfabeti ya vidole, ambapo kila herufi huundwa kwa mkono ndani ya kiganja cha mwenzio. Ujuzi huo, ambao pengine aliuona kuwa wa kupitishia jioni tu, ndio uliokuja kuyageuza maisha yake.

Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 mjini Tuscumbia, Alabama. Akiwa na umri wa miezi 19 aliugua ugonjwa uliomnyang'anya uwezo wa kuona na wa kusikia. Wazazi wake walitafuta msaada kwingi, wakafika hata kwa Alexander Graham Bell, aliyewaelekeza Perkins. Mkurugenzi wa shule, Michael Anagnos, alimteua Sullivan. Kabla ya kwenda, Sullivan alitumia miezi kadhaa kuzisoma ripoti za Howe kuhusu Laura. Aliwasili Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887, akiwa na miaka 20 pekee, na macho yanayomsumbua.

Alimkuta mtoto mwenye akili kali lakini asiyetiika, aliyezoea kula kwa mikono kutoka sahani ya yeyote aliyeketi mezani. Jamaa zake walimhurumia kiasi cha kutomkataza chochote. Sullivan alitambua kwamba huruma ya aina hiyo ilikuwa kizuizi cha elimu. Aliomba ruhusa akahamia na Helen katika nyumba ndogo ya bustanini, wakakaa huko takriban majuma mawili hadi mtoto akamkubali. Wakati wote huo alimwandikia maneno kiganjani. Helen aliyaiga upesi kwa vidole vyake, lakini kwake yalikuwa mchezo tu, miondoko isiyokuwa na maana.

Kikwazo kilijitokeza katika maneno mawili, kikombe na maji. Helen aliyachanganya, kwa kuwa kikombe na kilichomo humjia mkononi kwa pamoja. Tarehe 5 Aprili 1887 Sullivan alimpeleka kwenye pampu ya maji. Maji yalipokuwa yakimwagika juu ya mkono mmoja wa mtoto, mwalimu alitahajia neno la maji katika mkono wa pili. Hapo Helen akang'amua kwamba kila kitu kina jina. Katika saa chache zilizofuata alijifunza maneno mapya yapatayo 30. Kwa mwanafunzi wa isimu, tukio hilo lina uzito wa pekee: mtoto aligundua kwa siku moja uhusiano wa kinasibu kati ya neno na kitu, uhusiano ambao watoto wengine huuzoea bila kuutambua.

Kilichofuata hakikuvuma kama tukio la pampu, ingawa ndicho kiini cha kazi ya Sullivan. Alimtazama binamu mdogo wa Helen, mtoto wa miezi 15, akabaini kwamba mtoto hafundishwi lugha kwa vipindi wala mazoezi. Huzungumziwa sentensi nzima kabla hajaweza kujibu hata neno moja. Basi Sullivan akaacha ratiba ya masomo akawa anazungumza kiganjani mwa Helen mfululizo, kwa sentensi kamili, kuhusu lolote walilolikuta njiani. Pale ambapo Howe alitegemea mazoezi yaliyopangwa, yeye alitegemea maisha yenyewe.

Katika kusoma alifuata mkondo huohuo. Alimpa Helen vipande vya karatasi ngumu vilivyokuwa na maneno ya herufi za mwinuko. Mtoto aliweka neno la mwanasesere juu ya mwanasesere, na la kitanda kando ya kitanda, akapanga maneno mengine baina yao mpaka sentensi ikakamilika. Siku moja aliingia mwenyewe kabatini, akapanga kwenye rafu maneno ya kueleza kuwa msichana yumo kabatini. Mwezi Mei 1887, Helen alisoma hadithi yake ya kwanza kamili. Baadaye, katika maktaba ya Perkins, aliachwa avipapase vitabu atakavyo, hata pale alipoelewa maneno machache tu katika ukurasa.

Kuna kisa kimoja kinachoudhihirisha usaidizi huo kwa ukamilifu wake. Agosti moja, wakiwa wameketi katika machela chini ya misonobari, Sullivan alianza kumsomea Helen kitabu kiitwacho Little Lord Fauntleroy kwa kukitahajia kiganjani. Mwanzoni alikatiza masimulizi ili kufafanua maneno magumu. Hadithi iliponoga, mtoto hakutaka tena maelezo. Alitaka kujua yatakayotokea. Vidole vya mwalimu vilipochoka kabisa, Helen alikitwaa kitabu akakipapasa, akitamani kuhisi herufi ambazo hazikuwa na mwinuko. Anagnos aliombwa akakichapisha kwa herufi za mwinuko, na Helen akakisoma tena na tena, safari hii kwa vidole vyake mwenyewe. Sullivan alikuwa amemwonjesha kitabu. Kiu ilikuwa ya mtoto.

Hata hivyo, ukaribu huo ulizaa shaka. Mwaka wa 1891 Helen, akiwa na miaka 11, aliandika hadithi akamtumia Anagnos kama zawadi. Ilichapishwa, kisha ikagunduliwa kwamba inafanana mno na hadithi ya mwandishi Margaret Canby. Mtoto alikuwa amesomewa hadithi hiyo miaka kadhaa awali, akaisahau asili yake, maneno yakabaki. Mnamo 1892 jopo la Perkins lilimhoji Helen bila mwalimu wake kuwapo. Kura zilitoka sare, na Anagnos akaamua kwa kumtetea Helen, ingawa baadaye aligeuka. Swali lililobaki hewani lilimlenga Sullivan: je, akili inayoandika ni ya mtoto, au ni ya anayemshika mkono?

Swali hilo liliwaandama. Mwishoni mwa 1897, mkuu wa shule ya Cambridge, Arthur Gilman, alijaribu kuwatenganisha, mpaka mama yake Helen akafika kumwondoa binti yake shuleni. Mwaka wa 1899 Helen alipoketi kwa mtihani wa kujiunga na Chuo cha Radcliffe, Sullivan hakuruhusiwa kumsomea maswali; yalinakiliwa kwa breli na mtu mwingine. Helen alifaulu. Katika miaka yake chuoni, kuanzia 1900 hadi 1904, Sullivan aliketi kando yake madarasani akimtahajia mihadhara, kisha akamsomea kwa saa nyingi kila siku vitabu visivyopatikana kwa breli. Macho yake yalizidi kudhoofika. Helen alihitimu kwa heshima mwaka wa 1904. Aliyemsomea kozi nzima hakupata shahada yoyote siku hiyo.

Mwaka wa 1905 Sullivan aliolewa na John Macy, aliyekuwa amesaidia kuhariri kitabu cha maisha ya Helen cha 1903, lakini ndoa hiyo haikudumu. Yeye na Helen walizunguka wakitoa mihadhara, na kwa kipindi fulani wakajipatia riziki katika kumbi za burudani. Kuanzia 1924 walichangisha fedha kwa niaba ya Wakfu wa Vipofu wa Marekani. Katika miaka yake ya mwisho Sullivan alipofuka kabisa. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1936 huko Forest Hills, New York, Helen akiwa amemshika mkono. Majivu yake yalihifadhiwa katika Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington.

Jibu la shaka ya 1892 halikutolewa na jopo wala mtihani. Lilitolewa na zaidi ya miaka 31 ambayo Helen Keller aliishi baada ya mwalimu wake. Alisafiri mabara mbalimbali, akaendelea kusoma kwa vidole vyake, na mwaka wa 1955 akachapisha kitabu kizima kumhusu Sullivan. Alipofariki tarehe 1 Juni 1968, majivu yake yaliwekwa karibu na ya mwalimu huyo. Mkono uliokuwa ukitahajia kiganjani ulikwishatulia zamani, lakini msomaji alikuwa hajaacha kusoma. Hicho ndicho kipimo cha anayemsaidia mtoto kusoma, na Anne Sullivan, aliyeijua thamani ya herufi kwa kuzikosa hadi umri wa miaka 14, alikifikia.