Mwalimu na Hesabu ya Makabila

Kila ukaribiapo wakati wa kuchagua wenyeviti na wajumbe wa halmashauri za vijiji, huko Kerende katika Nyamongo, kama ilivyo Tarime nzima na sehemu nyingi za nchi yetu, huanza hesabu isiyoandikwa popote: mgombea huyu ni wa ukoo gani, na ukoo ule utapata nini. Tarime imekwisha kuzika watu kwa sababu ya mapigano ya koo, kwa hiyo hatuwezi kuicheka hesabu hiyo. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu aliyezaliwa katika mkoa huo huo wa Mara, ambaye jambo hili lilimsumbua tangu alipoingia katika siasa hata uzeeni.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito na Mgaya, mke wa tano wa mtemi huyo. Kabila lake, Wazanaki, ni dogo hata kwa vipimo vya Mara, sembuse mbele ya Wasukuma au Wanyamwezi. Alisoma Mwisenge pale Musoma, Tabora, Makerere na Edinburgh. Hayo yamesimuliwa mara nyingi na hatutayarudia. Litupasalo kuangalia ni kwamba mtu wa kabila lile hakuweza kuupata uongozi wa nchi kwa kuhesabu watu wa kwao. Wako wasemao kwamba hiyo ndiyo siri yote ya msimamo wake. Sisi twaona ni sehemu tu, maana katika Afrika wamekuwapo watu wa makabila madogo waliotafuta ukubwa kwa kuyagombanisha makabila makubwa.

Wakati ule serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuigeuza hesabu hiyo kuwa sheria. Mwaka 1955 Gavana Twining alilipanga Baraza la Kutunga Sheria liwe na wajumbe 30 wasio wa serikali: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Waafrika walikuwa kiasi cha milioni 8, na Wazungu elfu 20 hivi, na mpango huo ukaitwa usawa! Kisha ukaja uchaguzi wa kura tatu. Mpiga kura, ambaye kwanza alipaswa kuwa na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo kilichotajwa, alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha mmoja, kura yake ilikuwa bure.

TANU ilikutana Tabora mwezi Januari 1958, na wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Mwalimu aliwaeleza kwamba mtego ule ungeweza kumnasa aliyeutega, kwa kuwa kura za Waafrika ndizo zingeamua ni Mwasia yupi na Mzungu yupi aingie Barazani. Mkutano ukakubali, kwa shida. Zuberi Mtemvu alitoka akaunda chama chake cha Congress, akidai Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Na yaliyotokea ndiyo yale aliyoyatazamia Mwalimu: wakaingia Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, na katika Jimbo la Ziwa, ambamo Mara ilikuwamo wakati ule, akaingia Barbro Johansson, mwalimu wa misheni kutoka Uswidi. Wote hawa waliungwa mkono na TANU. Viti vilivyotengwa kwa rangi vikakaliwa na watu waliokuja kusaidia kuviondoa.

Mwezi Oktoba 1961, Uhuru ukiwa karibu, baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe walitaka uraia utolewe kwa watu weusi tu. Mwalimu alikasirika waziwazi. Aliifananisha hoja yao na ya Hitler, akawaambia kwamba muswada ukianguka, serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita. Mwaka 1963 utawala wa watemi ukafutwa, wala nduguye Edward Wanzagi, aliyeurithi utemi wa baba yao, hakusazwa.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wafanyakazi wana haki ya kulikumbuka. Mwezi Januari 1964 Mwalimu alitangaza kwamba ajira za serikali zitatolewa kwa raia wote bila kutazama rangi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walipinga. Waliuliza: Mwafrika aliyenyimwa shule miaka yote kwa sababu ya rangi yake, atashindanaje leo na aliyesomeshwa kwa sababu ya rangi yake? Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Tarehe 20 ya mwezi huo askari waliasi; baadaye viongozi wengi wa vyama wakatiwa kizuizini, TFL ikavunjwa na NUTA ikaundwa. Kwa maoni yetu, hoja ile ilinyamazishwa kabla haijajibiwa.

Tena yeye mwenyewe hakuwa kipofu. Hakuweka kiti cha Mhindi katika Baraza la Mawaziri, lakini Jamal alikabidhiwa Hazina, Bryceson Kilimo, na Lucy Lameck akawa naibu waziri. Alizitazama nyuso zilizoizunguka meza. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba ilitegemea jicho la mtu mmoja, na mtu huondoka. Kwa wanawake jicho hilo limegeuzwa kuwa sheria: Katiba yataka wabunge wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote, na halmashauri ya kijiji nayo ina viti vya wanawake. Kwa ukoo mdogo usio na mgombea hakuna sheria kama hiyo, wala hatudhani ingefaa kutungwa, maana tungekuwa tumeirudisha kura tatu kwa jina jingine. Mwenyekiti atakayeshinda Kerende ndiye wa kuuliza nani hayumo katika kamati zake.

Siku ya Mei Mosi 1995 Mwalimu alisimama Mbeya mbele ya wafanyakazi. Alikuwa na miaka 73, hana cheo, na nchi ilikuwa ikielekea uchaguzi wa vyama vingi. Akaukemea ukabila na udini kwa ukali uleule wa mwaka 1961, na wafanyakazi wakamshangilia. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama.