Leo Tolstoy, mwandishi aliyepambana na ubinafsi wake

Tunapohubiri juu ya ubinafsi ni rahisi kumtaja tajiri, au mfanyabiashara anayeficha mahindi akingojea bei ipande. Ni vigumu zaidi kumtaja mtu aliyeacha mali akabaki anapenda sifa. Kwa sababu hiyo leo tunawaletea maisha ya mwandishi wa Urusi, Leo Tolstoy. Hatumleti kama mwalimu wa imani. Alikataa mafundisho ya Utatu na ufufuo wa Bwana Yesu, na mwaka 1901 Kanisa la Orthodoksi la Urusi lilitangaza kwamba si mshiriki wake tena. Lakini katika kuchunguza namna mtu anavyojitafutia faida hata anapodhani anatenda mema, waandishi wachache wamemfikia. Uchunguzi huo aliuanza ndani ya moyo wake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1828 huko Yasnaya Polyana, kusini mwa Moscow, katika ukoo wa makabaila. Mama yake alikufa kabla mtoto hajatimiza miaka 2, na baba akafuata mwaka 1837. Mwaka 1847 alirithi shamba lile pamoja na mamia ya wakulima, maana Urusi ya wakati ule ilimhesabu mkulima kuwa sehemu ya mali ya bwana wake. Aliacha chuo kikuu bila diploma, akaingia jeshini, akapigana Caucasus na Sevastopol. Alicheza karata mpaka nyumba kubwa alimozaliwa ikauzwa, ikabomolewa na kupelekwa mahali pengine, na pesa zake zikaishia mchezoni. Alikuwa na daftari la kila siku ambamo alijihukumu kwa ukali: uvivu, majivuno, tamaa ya wanawake. Alijihukumu, kisha akarudia.

Mwaka 1862, akiwa na miaka 34, alimwoa Sophia Behrs, msichana wa miaka 18. Kabla ya arusi alimpa daftari zile azisome, asije akamwoa kwa kumficha jambo. Humo Sophia alikuta habari za Aksinya, mwanamke mkulima wa shamba lile lile. Aksinya alimzalia Tolstoy mtoto wa kiume, ambaye baba yake hakumtambua rasmi. Alipokua, kijana huyo aliendesha magari ya farasi ya familia. Wengi husifu ukweli wa Tolstoy katika jambo hili la daftari. Sisi tunaona kwamba alijisaidia yeye kuliko alivyomsaidia mchumba wake. Mzigo ulitoka kwake ukahamia mabegani mwa msichana, naye aliubeba hadi uzee.

Sophia alizaa watoto 13, na 5 kati yao walikufa wakiwa wadogo. Usiku, watoto wakilala, alinakili kwa mkono maandishi ya mume wake, sehemu nyingine mara kadhaa, mpaka riwaya kubwa ya Vita na Amani ikakamilika mwaka 1869. Ikafuata Anna Karenina. Tolstoy akawa mwandishi mashuhuri kuliko wote katika inchi yake, na pesa zikaingia.

Pesa hizo alizinunulia ardhi. Alikuwa anakwenda mkoa wa Samara, mashariki ya mto Volga, kunywa maziwa ya farasi kwa ajili ya afya yake. Huko waliishi Wabashkiri, wafugaji wenye nyika pana. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alinunua huko zaidi ya hekta 2,500, na baadaye akaongeza. Hakuhitaji hata moja ya hekta hizo ili kula. Alihesabu tu kwamba bei ni ndogo na faida ni kubwa, kama wengi wetu tungalivyohesabu.

Ndiyo maana hadithi yake ya mwaka 1886 juu ya mkulima Pakhom inachoma hivi. Pakhom anaambiwa na Wabashkiri kwamba kwa rubo 1,000 atapata ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kwa siku moja, mradi arudi alipoanzia kabla jua halijazama. Kila akitaka kugeuka anaona bonde lingine zuri la kupanda kitani. Anarudi akikimbia, anafika, anaanguka amekufa, na ardhi anayopata inatosha kumzika tu. Mwandishi wake alizijua nyika zile kwa macho ya mnunuzi.

Mwaka huo huo alitoa Kifo cha Ivan Ilyich. Hadithi hiyo inaanza pale mahakimu wanaposoma gazetini kwamba mwenzao amekufa, na kabla ya huzuni yoyote kila mmoja anawaza ni nani atapandishwa cheo. Tumekaa katika misiba mingi, na tunakiri kwamba ukurasa ule hausomeki bila haya. Katika nyumba ile yote ni mtumishi Gerasim peke yake, kijana wa kijijini, anayemshikilia mgonjwa miguu usiku kucha ili apumzike, wala haoni kwamba anafanya jambo kubwa.

Tangu karibu mwaka 1880 Tolstoy alikuwa amegeuka. Alichukua Mahubiri ya Mlimani kama amri za kutekelezwa, akaacha nyama, pombe na tumbaku, akavaa kama mkulima, akalima na kushona viatu. Mwaka 1891 aliachia haki za vitabu alivyoandika baada ya 1881, kila mtu avichapishe bure, na mwaka uliofuata akagawa mali yake yote kwa mke na watoto. Njaa ilipopiga inchi miaka hiyo, alikwenda Ryazan na binti zake, wakafungua majiko ya kulisha watu kwa maelfu kila siku. Riwaya ya Ufufuo ya mwaka 1899 aliiuza kwa makusudi, ili apate nauli ya Wadukhobori, Wakristo walioteswa kwa kukataa kubeba silaha, waende Kanada.

Haya ni matendo ya kweli. Lakini aliendelea kuishi katika nyumba ile ile ya Yasnaya Polyana, watumishi wakimwandalia meza, na mahesabu ya shamba na ada za shule zikabaki kwa Sophia. Aliyeacha mali alipata sifa dunia nzima. Aliyebaki na hesabu aliitwa mchoyo.

Tolstoy mwenyewe aliliona jambo hili, tena kwa macho makali. Katika miaka ya 1890 aliandika hadithi ya Baba Sergius, akaifungia kabatini. Ofisa kijana wa ukoo mkubwa anaacha jeshi na kuwa mtawa, na sehemu ya sababu ni majivuno: anataka kuwa juu ya wale waliomdharau. Anafunga, anakesha, anakata kidole chake ili asianguke na mwanamke. Watu wanakuja kutoka mbali awaombee wapone, naye anapata utamu wa kungojewa. Mwishowe anaanguka dhambini na kukimbia. Anafika kwa Pashenka, jamaa yake wa utotoni aliyekuwa akichekwa na wote, sasa mama mzee anayefundisha muziki kwa malipo madogo ili alishe binti, mkwe mgonjwa na wajukuu. Hata kanisani hafiki mara nyingi, na anajiona mwenye dhambi tupu. Mtawa anaelewa kwamba huyu ndiye alipaswa kuwa, na kwamba yeye miaka yote alitumikia sifa za watu akitumia jina la Mungu. Hadithi hii tungependa kila mchungaji aisome kabla ya kuwekewa mikono.

Mwaka 1910, kwa kusukumwa na rafiki yake Vladimir Chertkov, alitia sahihi wosia msituni, mke wake asijue, akimwachia binti yake Alexandra haki za maandishi yote. Sophia alihisi, akapekua makaratasi usiku. Mwishoni mwa Oktoba, kwa kalenda ya zamani, mzee wa miaka 82 alitoroka nyumbani kabla ya mapambazuko pamoja na daktari wake. Akashikwa na homa ya mapafu garimoshini, akalazwa katika nyumba ya msimamizi wa kituo cha Astapovo. Sophia alifuata, lakini watu wa mume wake walimzuia mlangoni akabaki kuchungulia dirishani. Aliruhusiwa kuingia wakati mgonjwa hana fahamu tena.

Baada ya kifo Alexandra alichapisha maandishi yaliyokuwa kabatini, Baba Sergius kati yao. Kwa pesa zilizopatikana alinunua kutoka kwa mama na kaka zake sehemu kubwa ya ardhi ya Yasnaya Polyana, ikagawiwa wakulima. Sophia alibaki na nyumba na kaburi la mume wake, akaishi hapo mpaka alipofariki mwaka 1919.