Ali ibn Ridhwan, tabibu wa Misri aliyeiandika nyota iliyolipuka

Katika masika ya mwaka 1006, kijana wa Giza nchini Misri, mtoto wa mwoka mikate, aliiona nyota ngeni upande wa kusini. Jina lake Ali ibn Ridhwan. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza masomo, naye kwa ufukara aliishi kwa kuwatazamia watu nyota barabarani, huku utabibu akijifunza mwenyewe vitabuni.

Nyota hiyo, kwa makadirio yake, ilikuwa kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu hadi tatu, na mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Misri iliielea chini, karibu na upeo wa macho. Katika vilima vya Nyakabuye, wilayani Rusizi, ingepanda zaidi ya nusu ya njia kuelekea utosini.

Baadaye aliisimulia katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Ptolemy. Kama wanajimu wengi wa zama zake, aliamini kuwa ilileta vita na njaa. Imani hiyo sayansi haikuipokea. Hata hivyo, alitaja pia nyuzi ya 15 ya Akarabu ilikotokea, na mahali pa jua, mwezi na sayari siku ile. Hapo ndipo ilipo thamani yake, kwani kwa hesabu hizo wataalamu waliipata tarehe, 30 Aprili. Mwaka 1965, darubini ya redio ya Parkes, Australia, ilisaidia kuyatambua mabaki, wingu la gesi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 7,000.

Kumbe haikuwa nyota iliyozaliwa, bali kiini cha nyota kongwe kilicholipuka chote. Milipuko ya aina hiyo hukaribiana kwa mng'aro, hivyo wanaastronomia huitumia kupimia umbali. Kwayo, mwaka 1998, waligundua kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka.

Ibn Ridhwan alipanda hadi kuwa tabibu mkuu wa Misri. Alikuwa mgomvi wa kalamu: alibishana vikali na Ibn Butlan, tabibu wa Baghdad, akishikilia kwamba vitabu vyamtosha mwanafunzi kuliko mwalimu. Uzeeni, wakati wa njaa, alimchukua binti yatima akamlea. Inasimuliwa kuwa binti huyo alimwibia mali yake akatoroka, na akili ya mzee ikatetereka. Alifariki takriban mwaka 1061.