Maisha ya Wilson Bentley, Mpiga Picha za Theluji

Bwana Mhariri ametuomba sisi wa Kidato cha Nne tuandike habari za maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufa. Wenzangu wengi wamechagua majemadari na wafalme. Mimi nimemchagua mkulima. Huyu hakuongoza nchi wala jeshi. Alikamua ng'ombe, alikata majani, na kila theluji ilipoanguka alikwenda bandani kwake na kamera. Jina lake ni Wilson Alwyn Bentley, wa kijiji cha Jericho, katika jimbo la Vermont, Marekani.

Sababu ya kumchagua ni aibu yangu mwenyewe. Muhula uliopita wanachama wa Chama cha Sayansi tulipewa ruhusa ya kutumia hadubini ya maabara pamoja na kamera, ili tupige picha ya bawa la mbu. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Picha kumi na moja za kwanza zilitoka nyeusi au zenye ukungu, na ya kumi na mbili ilionyesha vumbi, si mbu. Nilipotaka kuacha, mwalimu wetu aliniambia niende maktaba kwanza, nikasome habari za kijana mmoja aliyeshindwa kwa muda mrefu kuliko mimi.

Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865, mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha. Mama yake alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na ndiye aliyemfundisha nyumbani. Mtoto hakuingia shule mpaka alipotimiza miaka 14. Ndani ya nyumba mlikuwa na ensaiklopidia, naye akaisoma yote. Alipokuwa na miaka 15 mama alimpa hadubini ya zamani aliyokuwa akiitumia katika kufundisha. Wavulana wengine wa kijiji walicheza na makombeo. Yeye alitazama matone ya maji, vijiwe, manyoya ya ndege, na hata siku moja akaweka chembe ya theluji chini ya lenzi. Tangu siku hiyo hakupona tena.

Hapa yafaa nieleze kidogo, maana wasomaji wengi wa gazeti hili hawajaona theluji ila juu ya Kilimanjaro, tena kwa mbali. Theluji si mvua iliyoganda tu. Mvuke wa maji ulio mawinguni huganda moja kwa moja juu ya punje ndogo ya vumbi, na kwa kuwa chembe za maji zikiganda hujipanga kwa pembe sita, fuwele nayo hukua kwa pembe sita. Pengine huwa kama sahani, pengine kama nyota yenye matawi sita, pengine kama sindano. Umbo hutegemea hali ya joto na unyevu wa mahali ilipopita ikianguka. Mtaalamu Johannes Kepler aliandika kitabu kidogo juu ya pembe hizo sita mwaka 1611, na Robert Hooke alichora fuwele za theluji katika kitabu chake cha mwaka 1665. Lakini walichora kwa mkono.

Bentley naye alianza kwa kuchora. Alichora kwa majira kadhaa ya baridi, na kila mara shida ilikuwa ile ile: kabla hajamaliza tawi la tatu, fuwele ilikuwa imekwisha kuyeyuka, na umbo lile halikuonekana tena duniani. Ndipo aliposoma kwamba kamera yaweza kuunganishwa na hadubini. Chombo hicho na hadubini yake viligharimu dola 100, fedha nyingi mno kwa mkulima wa siku hizo. Baba yake aliona ni upuuzi. Mama alimsihi baba, akamsihi tena, mpaka alipokubali kununua. Wilson alikuwa na miaka 17, umri wangu wa leo. Yasemekana baba yule hata alipokufa alikuwa hajaamini kwamba kazi ya mwanawe ilikuwa na thamani yo yote.

Na mwanzoni ilionekana baba ndiye mwenye haki. Majira ya baridi yalipita, na kila picha ilitoka mbaya. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Nilipofika hapa katika kusoma niliweka kitabu chini nikacheka, maana nilijua kwa nini zilitoka mbaya. Ni makosa yangu yale yale.

Kosa la kwanza ni nuru. Hadubini yetu ikikuza mara 40, basi kitu huwa kirefu mara 40 na kipana mara 40, yaani nuru ile ile imetandazwa juu ya eneo kubwa mara 1600. Ndiyo sababu picha huwa nyeusi. Dawa yake ni kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu. Lakini ukiiacha wazi muda mrefu, kosa la pili laingia, yaani mtikisiko: hatua ya mtu chumbani, upepo, hata pumzi yako, vyote hukuzwa mara 40 pamoja na mbu. Kosa la tatu ndilo gumu kuliko yote. Kitu kikikuzwa sana, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba kuliko karatasi. Ukiona vizuri mshipa wa bawa, vinyweleo vilivyo juu yake vimekwisha kuwa ukungu.

Bentley aligundua dawa ya hili la tatu peke yake, bandani, katika baridi kali. Alipunguza tundu la kupitisha nuru likawa dogo sana. Tundu dogo huongeza unene wa sehemu iliyo wazi. Kwa hakika tundu dogo hupunguza nuru pia, kwa hiyo akazidisha muda, akasubiri sekunde nyingi, pengine zaidi ya dakika nzima kwa picha moja. Nilijaribu jambo hili kwa hadubini yetu. Nilipofunga tundu nusu, vinyweleo vya mbu vilitokea kimoja kimoja kama nyasi. Nilipolifunga karibu lote kwa tamaa, ukungu ulirudi, kwa sababu nuru ikibanwa mno katika tundu hutawanyika. Kuna kiasi, na kiasi hicho hujulikana kwa kuharibu picha nyingi.

Tarehe 15 Januari 1885, wakati theluji ikianguka, Bentley alipata picha yake ya kwanza iliyo njema. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Picha ya fuwele moja ya theluji, iliyopigwa kwa hadubini, ilikuwa imetoka safi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba nusura apige magoti mbele ya kamera.

Namna alivyofanya kazi yapasa kusimuliwa polepole, maana ndiyo maisha yake yote. Banda halikuwa na moto; lilikuwa baridi kama nje, kwa kuwa joto lo lote lingeua kazi. Alisimama mlangoni akishika ubao uliopakwa rangi nyeusi, theluji ikaangukia juu yake. Akaingia ndani akazitazama chembe kwa lenzi ya mkono huku amezuia pumzi, na zilizovunjika akazifuta kwa unyoya wa ndege. Akipata moja nzuri, aliiinua kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kipande cha kioo kilichokuwa baridi, akaibana taratibu kwa unyoya ili ishike. Kamera ilielekezwa dirishani, nuru ya mchana ikapita ndani ya fuwele. Kwa kuwa kamera ilikuwa ndefu, yenye kifua cha kukunjuka kama mvukuto wa mhunzi, mkono wake haukuweza kufikia gurudumu la hadubini wakati jicho lipo nyuma. Akatengeneza kamba na magurudumu ili ageuze akiwa mbali. Yote haya ilimbidi ayafanye upesi, kwa sababu hata bila joto barafu hugeuka mvuke kidogo kidogo, na ncha za fuwele hufa kwanza.

Alifanya hivyo tangu mwaka 1885 mpaka 1931, kwa kamera ile ile. Alipiga picha zaidi ya 5000. Hakuoa. Alikaa katika nyumba ya wazee wake, akalima na kufuga ng'ombe wa maziwa, akapiga piano jioni. Majirani walimwona mtu wa ajabu. Mara moja alipowaonyesha picha zake kwa taa, wachache mno walikuja, ingawa hapakuwa na kiingilio. Picha aliziuza senti 5 moja.

Hakupenda theluji peke yake. Alitaka kujua ukubwa wa matone ya mvua, na njia yake kila mmoja wetu aweza kuijaribu jikoni. Alijaza unga uliochekechwa katika sahani, kina cha inchi moja, akaitoa nje mvuani kwa sekunde chache. Kila tone likafanya kidonge cha unga. Vidonge vilipokauka alivipima, na kwanza alikuwa ameangusha matone aliyoyajua ukubwa wake ili ajue kidonge na tone vinalingana vipi. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 1904. Kwa maoni yangu jambo hili ni kubwa sawasawa na picha za theluji, lakini halina uzuri wa macho, basi watu wamelisahau.

Sasa sharti nitaje lawama aliyolaumiwa, kwa sababu tukisifu tu tutakuwa tunaandika hotuba ya mazishi. Bentley alipenda fuwele zake zionekane nyeupe juu ya weusi. Nuru ya dirishani haikufanya hivyo. Basi alichukua kisu kikali akakwangua utando wa dawa kuzunguka fuwele katika kioo cha negativu, pengine kwa saa nyingi, mpaka nyuma pakawa peusi kabisa katika picha. Gustav Hellmann, mtaalamu wa hali ya hewa huko Ujerumani, ambaye picha zake zilipigwa na Richard Neuhauss, alisema kwamba kukwangua huko kuliharibu kingo za fuwele, na kwamba picha hizo si ushahidi safi. Picha za Neuhauss zilionyesha fuwele zisizo kamili, zilizovunjika na kupinda. Kweli ni kwamba fuwele nyingi huanguka hivyo. Bentley alichagua zile nzuri.

Nimefikiri sana juu ya neno hili. Naona Hellmann alikuwa na haki kuhusu kisu. Mtu anayekata ukingo kwa mkono hukata kwa matumaini yake pia. Hata habari yake iliyoenea duniani kote, kwamba hapana chembe mbili za theluji zinazofanana, hakuweza kuithibitisha kwa picha 5000. Theluji ya alasiri moja katika shamba moja ina chembe zisizohesabika. Lakini Hellmann naye hakusimama bandani miaka 46. Kama Bentley asingechagua zile nzuri, sidhani kama mtu wa kawaida angetaka kutazama hata moja. Ningependa mwalimu wa sayansi na mwalimu wa sanaa wabishane jambo hili mbele yetu siku moja.

Heshima ilimjia amechelewa. Mwaka 1924 Chama cha Wataalamu wa Hali ya Hewa cha Marekani kilimpa dola 25 za kumsaidia katika uchunguzi wake. Ukilinganisha na dola 100 za baba yake, twaona nani alitoa zaidi. Mwezi wa Novemba 1931 kitabu chake kilitoka, alichoshirikiana na William Humphreys, chenye picha zaidi ya 2400. Majuma machache baadaye alirudi nyumbani kwa miguu katika dhoruba ya theluji, akashikwa na kichomi, akafa tarehe 23 Desemba 1931, katika nyumba ile ile. Alikuwa na miaka 66. Kitabu kilifika mpaka Japani, kikamvuta Ukichiro Nakaya, ambaye mwaka 1936 alifaulu kuotesha fuwele ya theluji maabarani juu ya unywele wa sungura.

Kwetu Makete hakuna theluji, lakini iko jalidi. Mwezi wa Juni na Julai hushuka usiku, na asubuhi majani ya viazi yamekuwa meusi kama yaliyochomwa moto. Likizo ya Juni niliazima lenzi ya mkono, nikaamka kabla ya jua, nikachuchumaa kando ya shamba kutazama ukingo wa jani. Fuwele zilikuwepo, zimesimama kama miiba ya kioo. Baba alinikuta hapo, wakati wadogo zangu wakifunika vitalu kwa majani makavu, akaniuliza kama nimekuja kumwajabia adui au kumfukuza. Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda kufunika vitalu. Tulipomaliza, Baba mwenyewe aliniomba ile lenzi, akainama juu ya jani moja, akakaa kimya kwa muda. Pumzi yake iliyeyusha fuwele zote, nami nikamwonyesha namna ya kuizuia.